Muhogo wa Safu ya Pembeni

Wanafunzi wa Mama Queen walikuwa saba, na katika saba hao ni mmoja tu aliyeweza kuwasha jiko la mkaa bila kutokwa machozi. Huyo alikuwa Sadalla, fundi baiskeli wa Ngamiani, aliyepiga pedeli mpaka Pongwe kila Jumamosi kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amekula chipsi mpaka jasho lake linanuka mafuta. Mkaa aliuweza. Mengine yote yalimshinda. Jumamosi ya kwanza alikamatwa akiutia mchele sabuni, na alipogombezwa aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, sasa utatakata vipi?

Darasa lilikuwa uani, chini ya banda la makuti alilolisimamisha Wilfred, mume wa Mama Queen, baada ya kupunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge. Wazo lilikuwa la binti yao, Queen, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyeandika tangazo kwenye simu ya baba yake: "Jifunze kupika kuanzia sifuri." Tangazo likazunguka kwenye makundi ya watsapu, na watu wakaja. Walikuja kwa sababu ya jina. Pongwe nzima, Walutheri kwa Waislamu, hakukuwa na harusi wala msiba ambapo sufuria ziliinjikwa kabla Mama Queen hajaitwa.

Alifundisha vizuri. Alianza na moto: moto wa kuchemshia, moto wa kukaangia, moto wa kupalia wali. Kisha mchele, maharage, mchicha wa nazi. Aliwashika wanafunzi mikono, akawaonyesha kisu kinavyokaa kiganjani bila kukitafuta kidole. Lakini alikuwa na mambo mawili ya ajabu. La kwanza wanafunzi waliliona mapema: kila alipofunua sufuria alisimama kidogo na mfuniko mkononi, kichwa amekiinamisha, kama mtu aliyeitwa na anasubiri aitwe tena. La pili lilijulikana Jumamosi ya nne.

"Mwalimu," alisema Sadalla, "Ramadhani hiyo imekaribia, na sisi futari hatujaigusa. Tufundishe muhogo wa nazi."

"Kweli kabisa," alidakia Praxeda, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia Tanga kutoka bara, ambaye hafungi lakini futari za majirani hazimpiti. "Tena ndicho chakula rahisi. Muhogo, nazi, chumvi, basi."

Mama Queen alikuwa akikata vitunguu. Kisu kilisimama.

"Muhogo sifundishi."

"Basi hata ule wa kuchemsha, wa chai."

"Nimesema sifundishi. Sogezeni ungo. Leo ni chapati."

Wakausogeza ungo, na hakuna aliyefanya mzaha. Wageni walitazamana. Wenyeji wa Pongwe walitazama chini, maana wao walijua. Miaka kumi na minne nyuma, katika nyumba ile ile, mtoto wa kwanza wa Mama Queen alikufa kwa kula muhogo. Alikuwa na miaka mitano na aliitwa Nehemia. Siku hizo mama yake, ambaye jina lake la ubatizo ni Leticia, aliitwa Mama Nehemia. Queen alipozaliwa, miezi miwili baada ya mazishi, watu walilihama jina lile taratibu, kwa huruma, wakaenda kwenye jina jipya kana kwamba la kwanza halikuwahi kuwepo.

Ambacho hata wenyeji hawakukijua ni kile alichokisikia Leticia kila alipoinua mfuniko. Iwe wali, iwe maharage, iwe maji matupu ya chai, mvuke ukimpiga usoni alisikia sauti ya mtoto. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa sauti ya kumwarifu tu. "Mama, chungu."

*

Wanafunzi walipoondoka, binti mmoja alikuwa bado amesimama kwenye kona ya ua, juani, ushungi ameufunga vizuri na mikono ameikutanisha mbele. Leticia alimjua. Alikuwa Shadya, mjukuu wa Bi Asmahani wa nyumba ya pili. Uzio wa makuti tu ndio uliozitenga nyumba hizo mbili, na kwa miaka kumi na minne hazikuwahi kuazimana hata kiberiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba nafasi. Nataka kujifunza kupika."

Leticia alidhani anachezewa. Bi Asmahani ndiye aliyekuwa mpishi wa Pongwe kabla yake. Muhogo wake wa nazi uliwahi kuwasimamisha madereva wa Muheza barabarani, kila jioni ya Ramadhani, bakuli mkononi.

"Wewe? Si umelelewa na Bi Asmahani?"

"Bibi hanifundishi. Nikishika mwiko ananinyang'anya. Anasema asije mtu akasema na huyu naye kafundishwa na yule." Shadya alilisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja anakoishi. "Sisi tunanunua, mama. Tangu nakua. Mchana mgahawani, jioni mkate."

Leticia alitafuta la kufanya na mikono yake, akaokota mwiko uliokwisha kuoshwa, akaanza kuufuta.

"Naolewa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, huko Muheza," binti aliendelea. "Upande wa mume wamekubali kila kitu, ila wameweka sharti. Siku ya shughuli bibi asiguse sufuria. Wala mwiko, wala kisu, wala maji ya kunawa wageni. Akae ndani. Wamesema hawana ubaya naye, ila watu wao wakisikia yupo jikoni hawatakula. Na mie wameniuliza nani kanifundisha kupika. Nikafikiri, nikifundishwa na wewe, mama... wewe mwenyewe uliyefikwa... hawatakuwa na neno."

"Bibi yako anajua uko hapa?"

"Ndiye aliyenituma."

*

Wilfred alilisikia jambo hilo kwenye chakula cha jioni, akaurudisha mkono uliokuwa ukielekea kwenye ugali.

"Mjukuu wa nani?"

"Wa Bi Asmahani."

"Watu waliomuua mwanangu ndio uwafundishe kupika?"

"Hawakumuua, Baba Queen."

"Walimpa sumu wakaiita muhogo. Niambie tofauti yake." Hakupaza sauti. Alikuwa mtu mpole, aliyemsalimia kila mtu Pongwe hadi kuku wa watu, isipokuwa mlango mmoja. "Akiingia hapa, banda lile nalivunja kwa mikono yangu."

"Baba, lakini yule dada ana kosa gani?" aliuliza Queen.

"Wewe nyamaza ule. Maliza sahani."

Maneno hayo mawili ya mwisho yaliwahi kutoka kinywani mwa Leticia mwenyewe. Aliinuka akajifanya anafuata maji, akasimama kando ya mtungi akiwa ameshika kata tupu. Aliona aibu, aibu ile ile ya zamani.

Ukweli wenyewe aliujua neno kwa neno. Alikuwa ameshuka kutoka Bumbuli miezi mitatu tu, mjamzito, mume yuko kambini shambani mpaka Jumamosi. Unga uliisha. Bi Asmahani akamwita uzioni, akamwambia nenda shambani kwangu, chimba muhogo umtoshe mtoto, ila ile safu ya pembeni usiiguse. Ule ni muhogo mchungu, tumeupanda kuzunguka shamba ili nguruwe na nyani wasiingie, nasi huukausha tukausaga, hatuutii chunguni hivi hivi. Ukiwa na shaka, kata ncha mbichi uonje; ikiwa chungu, tupa. Leticia akaitikia. Lakini alipofika shambani ardhi ya katikati ilikuwa ngumu kama sakafu, na tumbo lilimzuia kuinama. Pembeni, karibu na mfereji, udongo ulikuwa laini. Aling'oa shina moja tu. Hakuona hatari. Kwao milimani walikua wakila mchunga, mboga ya porini inayomkunja mtu uso kwa uchungu wake, na mtoto aliyelalamika aliambiwa ni dawa ya tumbo.

Hakuonja. Mimba ilimfanya achukie harufu ya kila chakula. Alipika, akafunika, akampakulia mtoto, yeye akanywa chai ya rangi. Nehemia alitafuna kipande cha kwanza, akamtazama. "Mama, chungu." Naye akasema, "Kula, ni dawa ya tumbo. Maliza sahani." Mtoto akamaliza. Akanawa, akasema asante mama, maana alikuwa mtoto wa adabu. Magharibi alianza kutapika. Alfajiri, hospitalini, walimfunika.

Wilfred alipofika aliuliza swali moja: muhogo ulitoka wapi? Leticia akajibu, kwa Bi Asmahani. Lilikuwa jibu la kweli, na kosa lake ni kuishia hapo. Wilfred alikwenda kusimama mlangoni kwa jirani mbele ya waombolezaji, akamwita muuaji. Bi Asmahani alitoka nje akajitetea mara moja, kwamba alimwonya mwenzake, kisha akanyamaza, akamtazama Leticia, akamngoja aseme. Leticia akatazama chini. Nani angemlazimisha mama aliyefiwa kusema? Basi likapita hivyo, na lilipopita siku moja likawa gumu kusemwa siku ya pili, na lilipopita mwaka likawa halisemeki.

*

Alhamisi kulikuwa na hitima ya arobaini nyumba ya nne, na Leticia alikuwa ndiye msimamizi wa masufuria. Wanawake walikaa kwenye mikeka wakimenya viazi. Bi Asmahani alikuja akiwa amechelewa, akasalimia, akaketi pembeni, akachukua kisu kilichokuwa kimelala kwenye ungo. Alikuwa amekwisha kuokota kiazi.

"Bibi, pumzika jamani," alisema mama mmoja, mnene, mchangamfu, mtu asiye na roho mbaya hata kidogo. "Sie tupo. Lete nikusaidie."

Akanyoosha mkono. Bi Asmahani alikitoa kisu kwa upande wa mpini, kama adabu inavyotaka, akainuka kwa kushika magoti. Alikwenda moja kwa moja kwenye karo, akaanza kusugua sufuria. Hakuna aliyemwambia aende huko. Aliijua nafasi yake.

Yule mama mchangamfu akamgeukia Leticia, akamkonyeza kidogo. Alikuwa amemfanyia hisani. Wote walikuwa wakimfanyia hisani hiyo kwa miaka kumi na minne, kila harusi, kila msiba, wakidhani mama wa marehemu hataki kuiona mikono ile kwenye chakula. Na Leticia, Mungu amsamehe, kila mara aliitikia kwa kichwa.

Safari hii kichwa kilikataa. Aliinua mfuniko wa pilau ili apate kuficha uso kwenye mvuke, na sauti ikaja pale pale. "Mama, chungu." Upande wa karo mwanamke mzee aliyemwonya alikuwa akikwaruza ukoko wa watu.

*

Alasiri hiyo hiyo Leticia alikwenda kwa jirani. Ni hatua ishirini kutoka mlango hadi mlango, naye alizipiga kama anayepanda kwao Bumbuli.

"Hodi."

"Nani?"

Alifungua kinywa kusema Mama Queen, na halikutoka.

"Mama Nehemia," alisema.

Ndani kitu cha bati kiliwekwa chini. Kisha mlango ukafunguliwa nusu, na Bi Asmahani akasimama katika nusu hiyo, mdogo kuliko alivyoonekana kwa mbali, kanga ameishika kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakumkaribisha ndani.

"Uliniambia safu ya pembeni nisiiguse."

"Nlikwambia."

"Uliniambia nionje kwanza."

"Nlikwambia."

"Sikuonja. Na mtoto alisema chungu, bibi. Nikamwambia amalize."

Hilo la mwisho bibi hakuwa akilijua. Alishika mwimo wa mlango. Macho yake yaliondoka usoni kwa Leticia, yakashuka chini, mahali ambapo kichwa cha mtoto wa miaka mitano kingekuwa.

"Masikini," alisema. "Masikini mtoto wa watu. Alisema na hakusikizwa."

"Nisamehe, bibi."

"Weye waanzia kwenye msamaha?" Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini hasira ilikuwemo, mbichi kabisa. "Mie nimeoshea watu masufuria miaka kumi na mine. Mjukuu wangu nimemlea kwa chakula cha kununua, na mikono hii ninayo. Hayo uliyoyasema usinambie mie, mie nimelala nayo. Nenda kawambie wasoyajua. Msamaha tutautazama baadaye."

"Jumamosi nafundisha muhogo," alisema Leticia. Hakuwa amelipanga, lilimtoka. "Njoo unisaidie."

"Nikija ntashika kisu?"

"Utashika."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Bi Asmahani akafunga mlango bila kusema atakuja au haji.

*

Jumamosi muhogo ulikuwa kwenye ungo, umeoshwa, wa sokoni. Queen ndiye aliyeununua, na alipouweka mezani alimtazama mama yake kama anayeuliza kama ana homa. Sadalla alipiga makofi. Wilfred alikuwa upenuni akigongea mguu wa stuli, mgongo ameupa darasa, hajaona.

Bi Asmahani aliingia nyuma ya Shadya, amevaa kanga mpya yenye mikunjo ya sandukuni. Nyundo ikanyamaza.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Nimemwita mimi," alisema Leticia.

"Leticia!" Hakuwahi kumwita kwa jina hilo mbele za watu tangu waoane.

"Kaa au simama, Baba Queen, lakini leo utanisikiliza. Wewe ndiye wa kwanza unayetakiwa kusikia."

Akasema. Alisimama mbele ya jiko lisilowashwa, mikono ameifunga kwenye aproni, akaeleza tangu uzioni mpaka shambani, mpaka kwenye sahani. Hakulia, na alijichukia kwa kutolia. Alipofika pale mtoto aliposema chungu, alianza sentensi upya kama mtoto wa shule aliyekosea kusoma, akaimaliza. Akasema kwamba Bi Asmahani alimwonya, tena vizuri, na kwamba mwenyewe alilijua hilo siku zote ambazo Pongwe nzima ilimwita yule mwanamke bibi wa sumu.

Mwanafunzi mmoja, mke wa jirani, aliinuka akakung'uta kanga yake. "Miaka yote hiyo," alisema, "umekula nasi, umecheka nasi, na mtu mzima yule tunampeleka karoni kwa ajili yako?" Akachukua daftari lake. Mwenzake akamfuata. Hawakurudi tena kwenye darasa lile, na mtu hawezi kuwalaumu.

Wilfred aliiweka nyundo juu ya stuli polepole, kama kitu kinachoweza kupasuka. Alichukua baiskeli, akapita katikati ya wanafunzi bila kumgusa mtu, akatoka. Queen alitaka kumkimbilia. Leticia akamshika mkono.

Waliobaki hawakujua watazame wapi. Bi Asmahani akasogea kwenye ungo.

"Kisu kiko wapi?"

Leticia alimpa kwa upande wa mpini. Bibi akaketi, akachukua muhogo mmoja, akaukata ncha. Vidole vilikuwa vimekakamaa kidogo, kisha vikakumbuka. Aliumenya ule muhogo kwa mchano mmoja mrefu, ganda likatoka zima, na Shadya, ambaye hakuwahi kuiona mikono ya bibi yake ikifanya kazi hiyo, alijiziba mdomo kwa ushungi akalia.

"Acha kulia, tazama. Mie sitarudia mara mia." Alikata kipande kidogo kibichi cha ile ncha, akamnyooshea Leticia. "Onja."

Leticia alikiweka ulimini. Miaka kumi na minne. Kilikuwa na maji maji, na utamu mdogo kama wa nazi changa.

"Chungu ama tamu?"

"Tamu."

"Kila muhogo hivyo hivyo, mmoja mmoja, kabla haujaingia chunguni. Ukiwa chungu, tupa. Usimwamini muuzaji. Hata mie usiniamini. Na mtoto akikwambia chungu, mnyang'anye sahani kwanza, maswali baadaye." Akamtazama Sadalla. "Weye waandika ama wanitazama?"

"Naandika, bibi," alisema Sadalla, na kweli aliandika.

Kisha akawafundisha, kama mtu aliyetoka kifungoni na kukuta kazi yake imemngoja. Muhogo upasuliwe katikati, mzizi ule wa ndani utolewe. Nazi ikunwe, tui zito likamuliwe kwanza liwekwe kando, jepesi ndilo litangulie na chumvi. Sufuria iachwe wazi. Muhogo ukilainika, tui zito liingie, na hapo mwiko usisimame mpaka lichemke, maana tui likiachwa hukatika. Pilipili nzima, isipasuke. Ndimu mwisho. Praxeda aliuliza ni kiasi gani cha chumvi, akaambiwa mkono utajua, akalalamika kwamba mkono wake haujui kitu, na watu wakacheka kidogo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Chakula kilipoiva, kicheko kikakatika. Sufuria ilikuwa imejaa, na hakuna aliyesogeza sahani. Hawakuwa na nia mbaya. Ni mazoea ya mwili tu, kila mmoja akingoja mwenzake. Bi Asmahani aliliona hilo, akarudisha mikono yake mapajani.

Leticia akainama juu ya sufuria, mvuke ukampiga usoni. Akatega sikio, na ikaja, sauti ile ile, mahali pale pale. "Mama, chungu."

"Nimesikia, baba," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Akachota, akapuliza, akala. Akala kipande cha pili, na cha tatu, amesimama mbele yao wote, machozi yakimtoka sasa bila kuyaomba. Sadalla alikuwa wa pili kusogeza sahani. Shadya alipopakuliwa, bibi yake alimwambia kwamba siku ya harusi atapika mwenyewe, na wa Muheza wasiotaka kula watakuja na vyakula vyao kwenye mifuko.

*

Wilfred alirudi magharibi, kola imelowa, vumbi la njia ya bara magotini. Queen alikuwa ndani. Leticia alimwekea maji ya kunawa na sahani, muhogo wa nazi, akakaa upande wa pili wa meza. Wilfred hakunawa.

"Umeonja?" aliuliza.

"Nimeonja."

Akaitazama sahani.

"Alisema mara ngapi?"

Leticia alifahamu anaulizwa nini. Watu alikuwa amewaeleza mara moja tu. Hata kichwani mwake alikuwa amezoea kukumbuka mara moja.

"Mara mbili," alisema. "Ya pili alisema, mama, chungu sana. Nikamwambia ninakuona unavyodeka, kula."

Wilfred aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alipoanza kusema alizungumza na ile sahani.

"Jumapili ile, kabla sijaenda kambini. Wewe ulikuwa kwaya. Alibakiza maharage, nikamchapa. Nikamwambia mtoto wangu habakizi chakula." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikukwambia."

Nje mtu alikuwa akichota maji, ndoo ikigonga bomba. Leticia alitamani kumgusa mkono, akaogopa, kisha akaugusa, naye hakuuondoa wala hakuushika.

Hatimaye Wilfred aliinuka. Alivaa viatu alivyokuwa amevivua mlangoni, akavifunga kamba zote mbili, akatoka. Leticia alidhani anachukua baiskeli tena. Lakini hatua hazikwenda barabarani. Zilizunguka uzio wa makuti, ishirini hivi, zikasimama.

"Hodi," alisikika akisema.

"Nani?" iliuliza sauti ya kizee kutoka ndani.

Leticia alikuwa ameinuka mezani, amesimama jikoni kwake, mfuniko mkononi.

"Baba Nehemia."

Kisha alisikia komeo likivutwa.